Nkandu Alivyoitukana “Turubai”

Kama hujatukanwa na Nkandu wa Bel-Air, Lubumbashi hukufika. Ulipita tu njiani, ukaona bomba la moshi la kiwanda ukadhani umeona mji. Wakubwa wametukanwa naye. Wanene, wembamba, wenye magari ya vioo vyeusi, hata padri mmoja aliyekosea kupita mbele ya kibanda chake akiwa amevaa soksi zisizofanana. Na hakuna aliyewahi kumpeleka polisi. Wengine walirudi kesho yake na jamaa zao, ili nao wapate.

Alizaliwa upande wa Sakania, kwa watu wa kabila la Balala, karibu sana na reli, ndiyo maana mpaka leo anaongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na treni. Shule aliisoma kiasi chake. Yeye husema aliiacha kwa huruma, maana walimu walikwisha kuanza kumwogopa. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na maelezo mengine. Kampuni ya shaba ilipoanza kuyumba na mishahara ikawa hadithi, Nkandu hakungoja kuambiwa. Alifungua kibanda cha kaseti Kampemba, kando ya soko. Mteja alileta kaseti tupu, akataja nyimbo anazotaka, Nkandu akamrekodia. Ila hakurekodi kimya.

“Hii wimbo njo unataka?” angeuliza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo “njo” ni “ndiyo” yenu, akimpima mteja kuanzia kwenye viatu. “Na ile masikio ulizaliwa nayo, ao balikupatia ku kazi?”

Watu walipanga foleni. Kaseti zilipatikana kwingine pia, na pengine kwa sauti safi zaidi. Matusi yalipatikana kwake tu. Hata siku zile za uporaji, askari na raia walipoupasua mji pamoja, kibanda kikavunjwa na utepe wa kaseti ukaning'inia kwenye nyaya za umeme kama nywele za mwanamke anayesukwa, Nkandu alisimama palepale barabarani akiwakosoa waporaji kwa kuchagua nyimbo mbaya.

Baadaye kaseti zikafa, CD zikaja zikafa, simu zikameza vyote. Mdomo ukabaki. Redio moja ndogo ya Bel-Air ikaona mdomo ule usipotee bure, ikampa Jumamosi mchana. Kipindi kikaitwa “Kuonja Muziki”. Nkandu anaonja, halafu anatangaza: hii ni bukari iliyoiva, hii ni bukari ya madonge, na hii, Mungu atusaidie, ni maji ya moto na mwiko uliosahauliwa ndani. Bukari, kwa ninyi mliokulia mbali, ndiyo mnayoita ugali. Msiiite hivyo mbele yake.

Sasa kuna jambo moja lazima mlishike, maana bila hilo mtamhukumu mzee wa watu bure. Nkandu ni wa ukoo wa Uyoga, bena Bowa. Na uyoga hauoti bila mvua. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, watu wa Uyoga na watu wa Mvua, bena Mvula, ni banungwe, yaani watani wa ukoo. Munungwe wako anakutukana mbele ya wakwe zako. Anaingia kwenye kilio cha baba yako, watu wanalia, yeye anasimama kando ya jeneza anamuuliza marehemu kama na huko aendako atajificha siku ya kuchangia pombe. Nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kurudisha, tena kwa ukali uleule, kisha mnakula sahani moja. Munungwe akianza kukusalimia kwa adabu, hapo ndipo pa kuogopa.

Haya, tuje kwenye mwaka wenyewe. Mwaka huo, kule mashariki, Goma ilianguka mikononi mwa waasi, na Bukavu ikafuata. Vita ilikuwa mbali na Lubumbashi, mbali kiasi cha mtu kuisikiliza habari yake huku anakunywa chai, lakini anguko lile lilikuwa na namna yake ya kufika. Lilifika Kampemba kwa simu zinazoita bila kupokelewa. Lilifika kwa jamaa walioshuka na kikoba mkononi wakiulizia ghala la fulani. Wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, ambao maghala yao yalijaa magunia miaka yote, sasa walilaza magodoro katikati ya magunia. Asubuhi waliimba nyimbo za kanisa, wakafungua milango ya chuma, wakauza kama kawaida. Na pembeni, kama ilivyo mambo yanapoharibika, walikuwako wa kunong'ona: hawa mbona wanazidi, wanakuja kutafuta nini hapa?

Mwenye ghala mmoja ni Mama Perpétue, mjane, mtu wa Butembo hukohuko Kivu Kaskazini, muuzaji wa jumla wa maharagwe, unga na sabuni. Lori lake huenda Sakania kuchukua mizigo iliyovuka kutoka Zambia, na msimamizi wa mizigo ni binti yake Séphora. Foleni ya mpakani mnaijua. Unazima injini, unapika, unafua, unaanika, ukizubaa unachumbiwa, na lori la mbele halijasogea. Wengine humo hujifunza karata. Séphora alijifunza kutengeneza muziki. Alikaa ndani ya kabini, kompyuta mapajani, spika kubwa zimefungwa nyuma ya kiti, akatunga muziki wa kuchezea, ule wa mashine: ngoma inadunda palepale kifuani, na juu yake sauti zinapanda na kushuka kama taa za gari kwenye ukungu. Alisafisha, akasafisha tena, mpaka hapakubaki mkwaruzo. Albamu akaiita “Turubai”, akaiweka kwenye mtandao, dunia nzima isikilize.

Dunia nzima ikasema. Mtandao mmoja wa Kinshasa ukaandika kwamba albamu imeng'arishwa kama kioo cha saluni. Mwandishi mmoja wa Ulaya akasema imesafishwa kupita kiasi, haina harufu ya mahali, ingeweza kutoka mji wowote wenye umeme. Hapo sisi watu wa Lubumbashi tulishindwa kujua kama tumesifiwa.

Nkandu hakusoma hata neno la hao. Kusoma maoni ya mwingine kabla ya kusikiliza, anasema, ni kula chakula kilichokwisha kutafunwa. Yeye alisikiliza jikoni kwake. Simu aliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti iongezeke, ufundi alioubuni mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya Wachina. Kitu cha kwanza kutoka ndani ya sufuria kilikuwa mvua, mvua ya kweli ikipiga juu ya turubai la lori. Kisha ndani ya mvua ngoma ikaanza, taratibu, kama mtu anayekuja kwa miguu. Nkandu akaacha kumenya kitunguu.

“Mvula,” akajisemea. “Mutoto ya Mvula kabisa.”

Akakaa kitako. Muziki ulisogea, ukasimama, ukasogea, ukasimama, na kila uliposimama alijikuta ameshika pumzi. Aliusikiliza hadi mwisho, akaurudia, maji ya chai yakakauka jikoni. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu muziki umfanye Nkandu asahau kusema.

Na kwa kuwa moyo wake ulijaa, na kwa kuwa alilelewa alivyolelewa, Jumamosi alikwenda redioni kufanya kile ambacho mtu wa Uyoga humfanyia mtu wa Mvua aliyempendeza. Alimtukana.

“Huguette, nilionja,” alimwambia mtangazaji wake, binti mwenye kicheko chepesi ambacho ndicho nusu ya kipindi.

“Na iko namna gani, Papa Nkandu?”

“Huyu mutoto mwanamuke alinawisha hii muziki mpaka ikatoka ngozi. Iko safi sana! Inzi akitua pale anateleza, anavunjika muguu. Ni sawa bibi-arusi mwenye bashangazi yake balimusugua na mawe, sura ikabakia mu beseni.”

“Ayii, Papa! Na ngoma?”

“Ngoma gani? Ngoma inakuya, inafika ku mulango, inasimama. Unafungua, haiingie. Unafunga, inagonga. Ni muziki ya foleni! Na tena anatuletea mvua. Nani alimuomba mvua? Hapa tuko nayo ya kutosha, inaingiaka mu nyumba bila hodi. Arudi kwao! Arudi kwao na turubai yake, akauzishe maharagwe!”

Bel-Air ilicheka. Wazee wa Uyoga na wa Mvua walielewa kila neno: mzee amempenda mtu, amempa na ukoo. Uyoga huiambia mvua hivyo tangu dunia ilipoumbwa, rudi kwenu mawinguni, na mvua hairudi. Nkandu alitoka redioni anapiga mluzi.

Lakini siku hizi maneno ya redioni hayalali redioni. Mtu fulani, na hajajulikana hadi leo, alikata kipande. Inzi akamwacha, bibi-arusi akamwacha, akachukua “arudi kwao” peke yake, akairusha kwenye simu za watu. Jumatatu ilikuwa imefika mpaka kwa wasiomjua Nkandu wala uyoga wake.

Huguette alimkuta kwenye kibanda chake, kilichokwisha kujengwa upya zamani. Safari hii hakuwa na kicheko.

“Papa Nkandu, bintu biliharibika.”

“Bintu gani?”

“Muntu moja alienda ku depo ya Mama Perpétue, baklienti bamejaa. Akaweka telefone yulu ya meza: arudi kwao, arudi kwao. Anamuambia Mama, unasikia, hata redio inasema muende.”

“Mama akajibu nini?”

“Hakujibu. Alimupimia maharagwe yake, akamuambia aksanti, akaenda kukaa kule nyuma.”

“Na mutoto?”

“Anasema Jumapili anatosha albamu ku internet, anaifuta. Ile fete, sherehe ya albamu balikuwa batafanya ku sali, mu ukumbi ya paroki, ilikufa. Anahamia Sakania, ku depo yabo ya kule. Muziki, basi.”

Nkandu alianza kutafuta kitu cha kuchekesha, akakiacha.  Alikuwa amewaona wengi wakiacha muziki, miaka ile ya kaseti: huyu kakatazwa na kanisa, huyu na mke, huyu na njaa. Akawapitia kichwani mmoja mmoja, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeurudia.

Kesho yake akavaa koti, akaenda.

Mama Perpétue alimpokea vizuri mno. Kiti kilifutwa vumbi, Fanta ikafunguliwa, sala fupi ikasemwa. Nkandu aliona heri angefukuzwa kwa ufagio. Kule nyuma Séphora alikuwa akishona gunia lililopasuka, hakuinua kichwa.

“Mama Perpétue,” Nkandu akaanza, “miye sikutukana mutoto.”

“Tulisikia, Papa.”

“Nilimutukana, lakini sikumutukana.”

“Kunywa Fanta, Papa. Itakuwa moto.”

Akaeleza. Alieleza Uyoga, akaeleza Mvua, akaeleza mababu na vilio na jeneza, akaongeza Warumi, au Wayunani, mmojawapo, ambao nao inasemekana walikuwa na banungwe wao. Kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuonekana uongo. Mama Perpétue alimsikiliza kwa heshima yote, mikono mapajani.

“Kwetu ku Butembo,” akasema mwishowe, “muntu akitukana mutoto yako, hakupende. Akikupenda, anakuambia. Hatuna na njia ingine.”

“Basi Séphora anirudishie! Akuye ku redio, anitukane mbele ya bantu bote. Munungwe akirudisha, inakwisha.”

“Mutoto yangu hatatukana muzee, Papa. Alibatizwa.”

Hapo Séphora akainua kichwa. Alisema polepole, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia.

“Papa, uliniambia nirudi kwetu. Kwetu iko wapi sasa? Goma? Kule shangazi yangu alikuwa, leo hapokee simu. Butembo? Batu banakimbia kutoka kule banakuya kulala hapa, mu magunia. Unionyeshe njia, nitaenda.”

 Nkandu alimaliza Fanta kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi jingine, akaaga, akatoka. Njiani watu walimsalimia kwa kumchokoza kama kawaida, naye akawapungia mkono tu. Wakasema mzee anaumwa.

Lakini kabla ya kufika Bel-Air alikwisha kuona kosa lake. Alikuwa ameeleza! Kueleza ni kazi ya wenye diploma. Nani aliwahi kuelewa mchezo wa mpira kwa kuelezwa? Akapita moja kwa moja kwa Mama Chola.

Mama Chola ni mtu wa Mvua kwa baba na kwa mama. Anauza kikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, na ulimi wake umeshinda wa Nkandu mara nyingi kuliko Nkandu anavyokubali. Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili Kampemba. Mama Chola hakungoja kiti. Alianza akiwa bado mlangoni, kikapu kichwani.

“Eko wapi mama ya hapa? Mama, huyu balikuletea jana, njo buyoga ya kuoza ya kwetu! Muangalie vizuri. Kichwa kikubwa, ndani mafunza! Unaona ile koti? Ilikuwa ya bwana yangu. Ku kilio alilia kunipita miye, bantu banasema huyu alimupenda marehemu, kumbe anaangalia nani atarizi koti!”

Mama Perpétue alisimama, mkono mdomoni. “Mama, tafazali, huyu ni muzee…”

“Muzee gani? Unga ya mwaka jana iko na heshima kumupita! Bila shiye Mvula huyu angekuwa vumbi. Tulimunyeshea, akaota, leo anasemaka mu redio sawa muntu!”

Wateja walisogea. Mama Perpétue alimtazama Nkandu kwa huruma, akitegemea kuona mzee anatafuta pa kujificha. Mzee alikuwa anang'aa. Alikuwa amesimama kama mtu anayepigiwa picha.

“Umemaliza, Chola?” akauliza. “Weye mvua ya bure, unanyeshaka tu siku bantu banafua. Na ile kikanda yako, bamaso, bale bajengaji ya Kampemba nzima, banaiulizia. Banasema simenti imekuwa haba.”

Mafundi waashi wawili waliokuwa dukani wakapiga makofi. Mama Chola alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akashusha kikapu, akafungua kitambaa, akakata kipande cha kikanda akamlisha Nkandu kwa mkono wake, akakata kingine akampa Mama Perpétue, akaketi juu ya gunia kana kwamba amezaliwa hapo.

“Kumbe hamukosane?” Mama Perpétue akauliza.

“Tukosane juu ya nini? Huyu njo atanizika. Siku nitakufa, bandugu yangu batakuwa banalia, hawatakuwa na akili ya kufanya kitu. Munungwe njo anachimba kaburi. Njo anapika, njo anafukuza balevi. Mama, unaweza kuachia maiti yako muntu wa kukuambia tu bonjour?”

Mama Perpétue akaendelea kutafuna kikanda. Nje lori la mtu lilikuwa linapiga honi.

“Muntu mugeni,” Mama Chola akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, “tunamupatia kiti, tunamupatia maji, tunamuuliza safari ilikuwa namna gani. Hatumutukanake. Huyu mujinga akitukana mutoto yako, alikwisha kumuhesabu wa hapa. Kosa yake ni kusahau kumuambia mwenyewe.”

Macho ya Mama Perpétue yalikwenda kwenye kiti cha jana, ambacho bado kilikuwa palepale, kimefutwa vumbi. Hakuna ajuaye aliwaza nini, lakini alikiondoa, akakirudisha ukutani.

“Papa Nkandu.” Ilikuwa sauti ya Séphora, kutoka kwenye magunia. “Albamu yangu uliisikilizia mu nini?”

“Mu telefone.”

“Telefone tu?”

Nkandu alisita. “Telefone mu sufuria.”

“Mu sufuria,” Séphora akarudia. Aliweka sindano chini. “Miye nakaa ku mpaka, jua yote ile, natafuta sauti ya chini. Muzee anaichukua, anaipika! Kumbe weye haukuonja kitu. Ulinusa moshi ya jirani, ukaenda kusema mu redio bukari iko na madonge!”

“Séphora!” mama yake akapiga kelele.

Lakini Nkandu alikwisha kuinua mikono yote miwili juu, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao. “Aksanti! Ingine!”

“Kuya huku,” Séphora akasema.

Lori lilikuwa nyuma ya ghala. Nkandu alipanda kabini kwa kusukumwa na kuvutwa, akilalamika kuhusu goti, akaketi kwenye kiti cha dereva maana hakukubali kingine. Séphora akawasha.

Mvua ilianza, na sasa ilikuwa juu ya kichwa chao. Ngoma ikaja. Ikafika pale ambapo jikoni kwa Nkandu ilikuwa inasimama mlangoni, na haikusimama. Ilishuka. Chini kabisa, mahali sufuria isikoweza kufika, kulikuwa na mngurumo, kama lori zito linalosogea hatua moja, na mngurumo ule ukapita kwenye kiti, ukapita kwenye uti wa mgongo, ukafika kwenye meno ya Nkandu, yale aliyobaki nayo. Usafi wote ule, kung'aa kote kule kwa juu, kulikuwa kumepisha nafasi ya kitu hicho cha chini kupita. Mkono wake ukaanza kupiga usukani bila kumwomba ruhusa.

“Ulisema inasimama,” Séphora alimwambia. “Haisimame. Batu ya foleni unabaona bamekaa, lakini hawajasimama. Ndani banaenda.”

Nkandu akaitikia kwa kichwa. Walisikiliza. Ulipofika wimbo mmoja wa katikati, wa kinanda kitamu na sauti za watoto, mkono wake uliacha kupiga. Alisubiri uishe.

“Hii hapana,” akasema. Hakutania. “Ile ingine yote nilikosea, nitakula matusi yangu. Lakini hii, binti yangu, iko na uongo. Unatabasamu, na haukuwa na furaha.”

Séphora akapunguza sauti ya spika.

“Niliifanya siku Goma ilianguka,” akasema. “Nilikuwa napigia shangazi. Inaita, inaita. Niliweka sukari tu yulu yake, nisisikie ile kuita.”

“Alipokea?”

“Bado.”

 Wakakaa kabini mpaka albamu ikaisha, na ilipoisha hakuna aliyefungua mlango haraka.

Jumamosi Huguette alishangaa kuona mzee hakuja peke yake. Nkandu alikuja na Séphora, aliyevaa nguo ya kanisani na kukaa kwenye ncha ya kiti. Mzee akavuta maikrofoni.

“Wiki jana nilisema mutoto huyu arudi kwao,” akasema. “Kuko muntu alikata ile neno, akaipeleka ku depo ya mama yake. Muntu ile, chukua mukasi yako, kata na hii: kwao ni hapa. Kwao ni Kampemba, na miye ni munungwe yake, na mwenye kumufukuza anifukuze miye kwanza, nione kama ataweza kunibeba. Na hii muziki niliihukumu na sufuria. Nimeisikia na lori. Ni bukari yenye kuiva. Sasa yeye ananirudishia. Huguette, funga mulango nisikimbie.”

Séphora alimtazama. Aliangalia kipaza sauti, akameza mate.

“Kwanza, albamu inabaki,” akasema. “Wimbo moja njo niligeuza. Nilitosha kinanda, nilitosha batoto. Ilibakia mvua na simu inaita. Mutasikia ku fete, ku sali ya paroki.”

Akavuta pumzi.

“Na huyu Papa Nkandu. Huyu buyoga. Banasema eko mujuzi wa muziki tangu wakati wa kaseti. Ni kweli, miye nimemuona: ukimugeuza upande ya pili, anasema maneno ilee ilee!”

Huguette alianguka kwa kicheko juu ya meza ya vifaa. Nkandu alipiga mguu chini kwa furaha, akaomba arudiwe. Bel-Air nzima ilisikia, na huko Kampemba, mafundi waashi wa siku ile walimtetea mzee kwa dakika chache kisha wakaacha.

Ndipo simu ya redio ikaita. Huguette, akijifuta machozi, akaifungua hewani.

“Alo? Nani anaongea?”

“Hapa ni Mama Perpétue wa Kampemba.” Sauti ilikuwa ileile ya heshima, ya kusema sala. “Bwana asifiwe. Niko na neno kwa Papa Nkandu.”

 Séphora akafunika uso kwa mikono.

“Sema, Mama,” Nkandu akasema.

“Papa Nkandu.” Alisikika akipumua. “Koti yako… haikupigwa pasi muzuri. Munisamehe.”

“Mama!” Nkandu alipiga kelele kwa uchungu wa kweli. “Hiyo haiko tusi, hiyo ni shauri! Hapana kuniomba musamaha! Jaribu tena.”

 Nyuma ya Mama Perpétue zilisikika sauti za ghala, mtu anaburuta gunia, mtu anacheka, na sauti ya Mama Chola ikinong'ona kwa nguvu: mafunza, Mama, mwambie ya mafunza.

“Papa Nkandu,” Mama Perpétue akaanza upya, na safari hii ndani ya heshima ile kulikuwa na kitu kinatetemeka, hakijulikani bado kama ni kicheko. “Weye…”

Lubumbashi ikangoja.